Mwanangu Aliniita Mama Mkubwa

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilipoishia. Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, karibu, vuta kiti, ila usitegemee kucheka sana. Mimi ni fundi wa makochi. Mume wangu aliniacha akaondoka na binti yetu wakati mtoto ndiyo kwanza anaanza kutembea. Alihamia mji mwingine, akabadilisha namba ya simu, akamkuza akimwambia kwamba mama yake ni mwongo aliyemtupa. Mimi nikaugua, nikapoteza kazi na chumba, mpaka mdogo wangu wa kike akanichukua nyumbani kwake. Kazi nilipata nyingine, chumba bado. Nalala sebuleni kwake, juu ya kochi nililolivisha mwenyewe.

Wiki iliyopita wifi yangu, dada wa huyo mume, alinionea huruma baada ya miaka yote ile akanitumia namba ya binti yangu. Nilimwandikia. Akajibu.

Wapo mlionitumia salamu kwamba nimshukuru Mungu, mambo yangu yamenyooka. Ahsanteni. Mambo yangu hayanyooki, yanajikunja upya tu.

Tulikuwa tunaandikiana. Kupigiana simu haikuwezekana, kwa sababu nyumba ya baba yake ina kuta zenye masikio, na mama wa kambo mwenye masikio kuzishinda kuta. Kimoyomoyo nilishukuru. Kwenye maandishi unaweza kulia mpaka ushibe, na mwenzako akaona herufi tu. Yeye profaili yake ilikuwa na picha ya paka, kwa hiyo hata sura yake sikuijua.

Alhamisi akaniandikia kwamba baba yake amemtafutia kazi nchi ya mbali, ya mkataba wa miaka, na ndege ni Jumapili. Jumamosi mchana atakuwa mjini kwetu, peke yake, akisubiri safari hiyo. Kisha ukafuata ujumbe wa pili.

"Nikikukuta nitafurahi. Nisipokukuta nitajua aliyoniambia baba ni ya kweli. Sitakulaumu, ila sitakutafuta tena."

Niliusoma nikiwa nimeshika bunduki ya pini, nikajipiga pini kwenye kidole gumba. Sikusikia maumivu mpaka fundi mwenzangu, tunayemwita Misumari, aliponiuliza mbona kochi la mteja lina damu.

Jioni nilimwonyesha mdogo wangu ujumbe ule. Huyu lazima nimweleze kidogo, maana leo ndiye mwenye hadithi. Anakaa mapokezi kwenye zahanati. Mimi nilizaliwa wa kwanza nikachukua akili, ndivyo mama yetu alivyokuwa akitutania, yeye akaja nyuma akabeba uzuri wote uliobaki. Ameolewa mara mbili na mara mbili amerudi, kwa kosa moja tu, kwamba hakupata mtoto. Binti yangu alipokuwa mchanga yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mimi nikifua.

Aliusoma ujumbe, akaurudia. "Huyu nilimbeba mimi," akasema, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilidhani analia kwa ajili yangu.

Alipotoka ndiye aliyenifundisha mambo ya lokesheni. Unabonyeza hapa, unabonyeza pale, na mwenzako anakuona kwenye ramani popote ulipo, kidoti chako kikitembea. Mimi simu yangu naijua kwa kupiga na kuandika, hayo mengine ni ya watoto. Lakini nilijifunza usiku ule kama mwenye mtihani asubuhi.

Mahali tulipopanga ni nje ya supamaketi kubwa, penye banda la troli, saa saba mchana. Hapo hapapotezi mtu. Akaniambia atavaa blauzi ya njano. Hakuniuliza mimi nitavaa nini. Niliona ajabu kidogo, nikajiambia labda moyo wake utanijua wenyewe. Mtu akiwa na furaha hujidanganya bila msaada wa mtu.

Jumamosi niliwasha lokesheni kabla hata sijanawa uso. Nilitaka anione natoka nyumbani, anione nafika kazini, anione natoka kazini kwenda kwake. Baba yake alimwambia nilimtupa. Mimi nikataka auone kwa macho yake ule ukweli kwamba mama yake anakuja.

"Nakuona, mama," akaandika. "Kidoti chako kinatembea."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba Misumari aliniuliza kama nimepata mchumba.

Tajiri wetu alikuwa ameniruhusu nitoke mapema, kwa sharti kwamba kwanza tupeleke kochi la mteja mmoja. Kochi la watu watatu, lenye mgongo mrefu, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Misumari na dereva walilibeba kutoka nyuma, mimi nikatangulia ndani kuwaelekeza. Geuza, inua, shusha, vuta. Likaingia nusu, likagoma.

Lilijipachika mlangoni, mguu mmoja ukiwa umeng'ang'ania fremu. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Misumari na dereva wako upande wa ngazi, mimi niko ndani na mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, na kati yetu kuna kochi nililolishona kwa mikono yangu, imara, halipindiki. Kazi yangu nzuri ndiyo iliyonifungia mlango.

Mwanzoni nilicheka. Misumari akasema tuukate mguu. Mwenye nyumba akasema atakayekata mguu wa kochi lake atakatwa wa kwake. Wakaanza kubishana kupitia tundu lililobaki juu ya kochi, naye mama akaniuliza kama nakunywa chai.

Nikatoa simu nimwandikie binti yangu kwamba nachelewa kidogo. Kioo kilikuwa cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaipiga piga kwenye paja kama redio ya zamani. Imekufa. Kumbe lokesheni hiyo inakunywa chaji kama gari bovu linavyokunywa mafuta, na mimi nilikuwa nimeiacha wazi tangu alfajiri ili mtoto anione nakuja. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Mama wa watu alikuwa na chaja, lakini mdomo wake haukuingia kwenye simu yangu. Akanipa simu yake nipige. Hapo ndipo nilipogundua kwamba namba ya mwanangu siijui. Naijua simu ilipoihifadhi, naijua chini ya jina nililolipamba kwa vikopa, lakini tarakimu zenyewe hapana. Namba ninazozijua kwa kichwa ni mbili tu duniani, yangu na ya mdogo wangu.

Nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza mkosi ulionipata na mahali mtoto alipo.

"Nenda ukamshike," nikamwambia. "Mwambie simu yangu imezima na nipo njiani. Mwambie wewe ni mama mdogo wake. Blauzi ya njano, penye troli."

"Nakwenda sasa hivi, dada. Usiwe na wasiwasi."

Na kweli, sikuwa na wasiwasi. Nilikunywa hata ile chai. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi cha kwangu nilikiagiza kwa simu ya kuazima.

Mwishowe Misumari alikubali akili ya dereva, wakaung'oa mlango mzima kutoka kwenye bawaba zake. Kochi likapita. Sikungoja kuona limekaa vipi. Nilishuka zile ngazi nikiwa na vumbi la sponji kichwani na gundi mikononi, kwa sababu nguo nilizokusudia kubadilisha zilikuwa karakana na muda wa kupitia huko haukuwepo tena. Nilikimbia, nikachoka, nikatembea, nikakimbia tena, na watu wakanipisha wakidhani nafukuza mwizi.

Niliiona blauzi ya njano kabla sijavuka barabara.

Alikuwa mrefu. Sikuwa nimejiandaa kwa urefu ule. Kichwani mwangu miaka yote alibaki saizi ya kukaa kiunoni. Lakini shingo nilikuwa naijua, ni shingo ya mama yangu mzazi, ndefu na iliyoinama kidogo upande wa kushoto. Alikuwa ameilaza kwenye kifua cha mdogo wangu, analia, mabega yanapanda na kushuka. Nilipokaribia nikamsikia akisema, "Mama. Mama. Mama."

Sikushtuka. Mama mdogo si mama? Ndivyo tulivyolelewa, dada wa mama yako ni mama yako. Nilifurahi kwamba ameshampokea hivyo. Nikasimama pembeni kama mpumbavu, nikatabasamu, nikisubiri zamu yangu.

Mdogo wangu aliniona kupitia juu ya bega la mtoto. Akashusha macho. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kutokea, na usoni alikuwa na poda.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, akimgeuza kwa mabega. "Huyu ni dada yangu. Ni mama yako mkubwa."

Binti yangu akafuta machozi kwa kiganja. Akanitazama, nywele zenye sponji, mikono yenye gundi, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri, maana kwa hilo lazima nimsifu baba yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia, na yeye, kwa haya ya kukutwa akilia, akaanza kueleza haraka haraka. Alisema nimsamehe, hakuwa anajiweza. Alisema njia nzima alikuwa na hofu, kwa sababu rafiki yake mmoja alikwenda kukutana na mtu wa kwenye simu akakuta sura nyingine kabisa, wakamtapeli vibaya.

"Nikajiapiza," akasema. "Nikikuta mtu ambaye si yule wa kwenye picha, nageuka hapo hapo, hata kama analia. Baba alishaniambia mama ni mwongo. Lakini nilipomwona tu mama anakuja, nikamjua. Ni yule yule wa kwenye profaili. Mpaka gauni."

Profaili.

Ndugu msomaji, mnajua watu wanavyofanya. Siku ya kuzaliwa ya mtu wako unaweka picha yake kwenye profaili yako, unaandika maneno matamu chini, kesho yake unatoa. Nilifanya hivyo siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu. Niliiweka picha yake akiwa na gauni la bluu, anacheka, nikaandika hongera kipenzi. Sikuitoa. Sura yako kwenye simu yako mwenyewe huioni, wanaiona wanaokutafuta. Na mwanangu alikuwa amenitafuta, akaitazama picha hiyo kila siku, akaipenda. Ndiyo maana hakuniuliza nitavaa nini.

"Shikamoo," akarudia, akidhani sikumsikia.

"Marahaba," nikasema.

Mnaotaka kunitukana, nitukaneni hapa, ndipo mahali pake. Lakini kabla hujafungua mdomo jiweke pale. Mtoto amekwambia kwa ulimi wake kwamba akikuta sura nyingine anageuka. Amekwambia kwamba hapo ndipo atakapojua baba yake alisema kweli. Nawe ndiyo hiyo sura nyingine, umesimama mbele yake na gundi mikononi. Nilijiambia nitamwambia, ila si pale penye troli, na si kwa sentensi ya kwanza. Tukae kwanza. Atulie kwanza.

Kando ya supamaketi kuna mgahawa wenye meza za plastiki. Tukakaa watatu, wao wawili upande mmoja, mimi ng'ambo. Alimshika mdogo wangu mkono akaulaza juu ya meza, akawa anaufungua na kuufunga, kidole kwa kidole. Alisimulia shule alizosoma, ugonjwa aliougua, siku aliyomuuliza baba yake mama yuko wapi akachapwa. Kila alipomaliza jambo alimtazama mama yake usoni aone linavyomwingia. Linaniingia mimi, nami hakuna anayenitazama.

Halafu akauliza swali ambalo nilidhani litaniokoa.

"Mama, nilipokuwa mdogo ulikuwa unaniitaje? Baba hajawahi kuniambia."

Nikanyanyua uso. Jina hilo lilikuwa langu. Nililitunga mimi, kwa sababu alikuwa hali mpaka kwanza ashike kijiko yeye mwenyewe. Nikamtazama mdogo wangu nikasema moyoni, haya, sema sasa.

"Kijiko," akasema mdogo wangu, na machozi yakamtoka ya kweli. "Tulikuwa tunakuita Kijiko. Ulikuwa unalala nacho."

Alikuwepo, ninyi. Alimbeba. Alikuwa anajua kila kitu nilichokuwa nacho cha kuthibitishia.

Binti yangu aliinama akalilia jina lile. Mimi nikasimama, nikasema nakwenda kuchukua soda. Mdogo wangu akanifuata, kama nilivyotaka, tukasimama kaunta tukiwa tumempa mtoto mgongo.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Alinikimbilia, dada. Sijafungua hata mdomo, ameshanikumbatia ananiita mama. Ningemsukuma?"

"Ungemwambia wewe ni mama mdogo."

"Ningemwambia vipi? Ameshalowa machozi. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunikimbilia hivyo."

"Na gauni? Umevaa gauni la kwenye picha."

"Ndilo lililokuwa limepigwa pasi," akasema, wala hakunitazama.

Nilimwambia nakwenda kumweleza sasa hivi. Akanishika mkono. Nimelala nyumbani kwake, nimekula chakula chake nilipokuwa sina nguvu hata ya kushika kijiko, na hakuwahi kunishika hivyo, kwa kucha.

"Kesho anapanda ndege," akasema. "Ukimwambia leo, anaondoka akijua ametapeliwa, na hatarudi kwa yeyote kati yetu. Mwache aende na furaha yake. Akishafika huko, mwandikie polepole, wewe ndiye mwenye namba. Niachie leo tu, dada. Wewe utakuwa naye miaka yote ya mbele."

Niliyapima maneno yale nikayaona yana uzito. Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko pale kwenye marahaba. Marahaba ilinitoka. Hili nililikubali nikiwa na akili zangu timamu, nimeshika chupa tatu za soda. Mchana mmoja. Nikasema moyoni, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi mzazi ndiye wa kuumeza. Kesho ndege itaruka, na kesho kutwa nitaandika.

Nikarudi mezani nikawa mama mkubwa. Nilifanya vizuri, msidhani. Nilimuuliza kama anakula vizuri. Nilimshauri kuhusu wenye tabia mbaya huko ughaibuni. Alinijibu kwa adabu zote, akanicheka niliposimulia kochi lililogoma mlangoni, na kicheko chake kilikuwa changu, kile cha puani ambacho mume wangu alikuwa hakipendi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakimbilia wapi kochi lilipogoma.

Jua lilianza kupoa. Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejikaza, kama si wakati sasa wa kwenda kujiandaa na safari. Binti yangu akatabasamu. Alikuwa amelisubiri swali hilo.

"Siendi," akasema.

Tukamtazama.

"Nilijiwekea hivyo tangu nyumbani. Nikimkosa mama, napanda ndege. Nikimkuta, na akawa ni yeye kweli, si wa uongo, sipandi. Mlipokwenda kununua soda nilimtumia baba ujumbe. Nimemwambia nimempata mama yangu, na nitaishi naye. Begi langu lote nimeliacha kwa mlinzi pale mlangoni."

Akamgeukia mdogo wangu, na hofu ya kitoto ikamwingia usoni. "Kama utanikubali lakini."

Nilikuwa nasubiri mdogo wangu anitazame. Ahadi yetu ilikuwa ya mchana mmoja, na mchana wenyewe ulikuwa umeisha. Nilidhani atanitazama kama mtu aliyeshikwa, aniombe kwa macho nitafute njia ya kumwambia. Hakunitazama. Alimvuta mtoto kwake akambusu kichwani.

"Twende nyumbani," akasema. "Chumba kipo."

Tulitoka. Binti yangu alikwenda kuchukua begi, akarudi akilivuta, magurudumu yakipiga kelele kwenye saruji. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Nilijua njia ya kwenda nyumbani, nikaanza kutembea pamoja nao, kwa sababu na mimi ndiko ninakoishi. Yeye, kwa wema wake, akageuka kuniuliza.

"Mama mkubwa, na wewe unakaa huko huko?"

Sikupata nafasi.

"Mama mkubwa anakaa mbali," mdogo wangu akasema. "Leo alikuja kunisindikiza tu."

Alilisema bila kutetemeka. Jirani zetu wananijua, kochi langu liko sebuleni, nguo zangu ziko kwenye mfuko nyuma ya mlango. Vyote hivyo alikuwa ameshavihamisha kwa sentensi moja, na nikaelewa kwamba atakapofika nyumbani atavihamisha kwa mikono.

"Basi karibu siku yoyote, mama mkubwa," mwanangu akaniambia. "Usiache kututembelea."

Nikasema ahsante.

Akapiga hatua, akasimama. Akatoa simu yake.

"Nipe namba yako basi. Niwe nakujulia hali."

Mdogo wangu aligeuka haraka. Akasema simu ya mama mkubwa imeharibika. Mtoto akajibu kwamba namba si anayo, simu itatengenezwa. Mdogo wangu akasema atampa yeye nyumbani, tusichelewe. Mtoto akacheka, akasema mama mkubwa amesimama hapa hapa, ya nini kusubiri. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

Namba ninazozijua kwa kichwa ni mbili. Ningeweza kutaja yoyote, hata ya uongo. Ningeweza kukosea tarakimu moja tu, nikamwacha aende na furaha yake, nami niende huko mbali ninakokaa. Nilimwangalia mdogo wangu, na mara ya kwanza siku ile akaniangalia na yeye, akitikisa kichwa kidogo sana.

Nikaitaja ya kwangu.

Niliitaja polepole, tarakimu baada ya tarakimu, na yeye akaandika akirudia kila moja kwa sauti. Kabla sijamaliza, sauti yake ikakatika. Simu hizi ukianza kuandika namba iliyokwisha kuhifadhiwa zinakuletea jina zenyewe. Nililiona kutoka pale nilipo, likiwa juu ya ile picha ya gauni la bluu. Mama.

Alikitazama kioo. Akanitazama mimi, safari hii vizuri, nywele, mikono, puani, machoni. Akamtazama mdogo wangu. Sijui alikuwa anatafuta nini, na sijui alikipata kwa nani.

"Kati yenu," akauliza kwa sauti ya chini, "nani ananidanganya?"

Jibu la kweli lilikuwa moja, sote. Nilifungua mdomo nikasema, "Mwanangu." Na mdogo wangu, wakati ule ule, akasema, "Mwanangu."

Alirudi nyuma hatua moja, akalivuta begi likawa kati yake na sisi. Simu ikaanza kuita mkononi mwake. Alikuwa ni baba yake.

Alitutazama sote wawili, akaipokea.